Mkuyu Ndani ya Debe

Hapana, haukuwa wa urembo. Siku hizi naona watu wanaweka miti sebuleni, wanaifuta vumbi kama kabati, mgeni akiingia anasema, "Ooo, pazuri." Wangu ulikaa ndani kwa sababu nje kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na baridi ya Mbeya, na kulikuwa na mwenye nyumba. Mbuzi ningewafukuza. Baridi ningeiwekea gunia. Mwenye nyumba ndiye alinishinda.

Alikuwa mzee wa kanisa, mwembamba, anatembea mikono nyuma kama anakagua shamba la Mungu. Alivyoniona nachimba shimo nyuma ya chumba changu akaja. Maneno yake alikuwa anayaweka chini moja moja kama mayai. "Mama. Hapa. Kwangu. Haupandwi. Mkuyu."

Nikamuuliza, kwa nini baba?

"Kwanza, mizizi itanyanyua ukuta wangu. Pili," hapo akashusha sauti, akageuka nyuma kama vile mchungaji amejificha kwenye banda la kuni, "pili, huo ni mti wa mizimu, na mimi ni mtu wa Bwana."

Nikasema, je, ukikaa ndani, kwenye debe?

Akavuta vindevu vyake. Akafikiri mpaka nikachoka kupiga magoti. "Ndani ni kwako," akasema. "Ya ndani mimi siyaoni."

Basi ukakaa ndani. Miaka mitatu nililala chumba kimoja na mti.

Mimi kwetu ni Iringa, upande wa Kalenga. Mume wangu kwao ni Idodi, kule chini kwenye joto, kwenye mbu na tembo. Alinioa, akanileta Mbeya, maana alikuwa anafanya kazi ya barabara, kuponda kokoto. Tukapanga chumba kwa huyo mtu wa Bwana. Mwaka haujaisha, mume wangu akasikia habari za migodi ya kusini. Ile miaka ya hamsini vijana walikuwa wanaondoka kama siafu wamemwagiwa majivu. Wanakwenda na kaptula moja, wanarudi na blanketi, na sanduku la bati, na viatu vinavyolia. Nani angekaa kuponda kokoto?

Akaniambia, "Mke wangu, mkataba mmoja tu. Mwaka na nusu. Nikirudi nashukia hapa hapa Mbeya, mtu wa kwanza kumwona ni wewe." Alikuwa na sauti nzito, inatokea puani, kama ana mafua mwaka mzima. Nilimpendea hiyo sauti. Wengine wanapenda meno.

Kabla hajaondoka tukaenda Idodi kuaga. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa mfupi, mgumu, maneno yake machache na yote yana ncha. Familia yao ilikuwa na desturi. Mtoto wa kiume akienda mbali, wanakata tawi kwenye mkuyu ulioota makaburini kwa wazee wao, mke wake analipanda nyumbani na kulitunza. Likishika, safari imeshika. Likitoa majani, mwenzako anakula na kulala vizuri huko aliko. Likinyauka, huna haja ya kuambiwa.

Asubuhi ile mama mkwe akanyunyiza unga shinani, akaongea na waliolala pale, akakata tawi lenye unene wa mchi mdogo. Utomvu mweupe ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, hata hakujifuta. Akanikabidhi. "Mwanangu ndiyo huyu," akasema. "Akifa, umemuua wewe."

Mimi magoti chini, macho chini. "Ndiyo, mama."

Tulivyobaki wawili mume wangu akacheka. "Mama na miti yake! Sasa mimi nikikohoa, wenyewe utakohoa?" Nikamwambia nyamaza, watasikia. Lakini na mimi nilicheka.

Tukapanda lori Iringa, likaharibika Nyololo, tukashushwa pale kwenye ukungu kama magunia. Tawi nimelifunga kwenye kitambaa kibichi, nimelipakata. Utingo alikuwa mtu wa maneno. "Mama, hiyo fimbo ni ya kumchapa nani?" Mume wangu akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Ni mimi huyo, usimkanyage." Lori zima likacheka. Mimi nikanunua maji ya moto kwa mama mmoja wa pale barabarani, nikanywa nusu, nusu nikaacha yapoe, nikalowesha kile kitambaa. Nilikuwa mjinga tayari, na safari haijaanza.

Wiki iliyofuata akaondoka. Wanaume wengi kwenye gari, wanaimba, mikono imejaa hewani mpaka sikujua upi ni wa kwake. Nikaupungia wowote.

*

Aliyenifundisha kutunza mti wa ndani alikuwa mpishi. Mtu wa Songea, anawapikia Wazungu kule juu kwenye nyumba zenye maua. Mimi nilikuwa nauza togwa sokoni, na yeye kila siku akishuka kununua mboga lazima apite. Suruali nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kidole kidogo amekisimamisha anaponywa, kama kidole hakitaki kushiriki. Anapenda kusema "sisi kwetu," na kwao maana yake kwa Mzungu.

"Dada, sisi kwetu tunao mti ndani. Sebuleni. Mrefu."

"Mnautambikia?"

"Tunautambikia nini! Tunauangalia."

"Mnauangalia tu?"

"Tunauangalia, tunakunywa chai."

Nilicheka siku nzima. Lakini alijua kazi. Kwanza alinikataza kulipanda tawi likiwa linatoka utomvu. Nikaliegemeza ukutani siku nne mpaka kidonda kikakauka. Debe likatobolewa chini kwa msumari. Udongo nikauchota mtoni, nikachanganya na samadi ya mbuzi wale wale wa mwenye nyumba, imekaa mpaka imekuwa unga. "Usilimwagilie kwa mazoea," anasema mpishi, kidole hewani. "Ingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, maji. Kikitoka kibichi, acha, nenda zako. Na maji yasiwe ya baridi. Yawe ya kumwogesha mtoto."

Mtoto sikuwa naye. Nilimwogesha mti.

Mwezi wa pili likatoa kinundu, kinundu kikapasuka, kakatokea kajani kadogo kamekunjwa kama barua. Nikaacha togwa inaungua jikoni. Nikakimbia kumwita jirani yangu, mama wa Kinyakyusa, chumba cha tatu. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, akikuamkia mtaa mzima unaamka. Akaingia, akainama, akanong'ona, na kunong'ona kwake mimi ndiko nakuita kupiga kelele: "Ndaga, mama, tushukuru! Baba amefika huko!"

Basi nikawa na kazi. Asubuhi naligeuza debe kidogo, maana mti unafuata dirisha, usipougeuza unakuwa kibyongo. Jumamosi nayafuta majani, moja moja, juu na chini. Jani la mkuyu lina ukwaru kama ulimi wa paka. Kuna wakati wakaingia vidudu vyeupe kwenye makwapa ya matawi, kama mtu kanyunyiza unga. Mpishi akasema sabuni. Nikavisugua na maji ya sabuni siku tatu, naona haya kama namsugua mume mgongo mchana watu wanapita.

Na nilikuwa naongea nao. Mnacheka? Nyie mmeshakaa chumba kimoja na kimya? Mbeya ikiingia mvua inanyesha kwenye bati mpaka jioni na hakuna mtu anayekuuliza umekula nini. Unasonga ugali wa ngumi moja, unaula kwenye sufuria, umesimama. Jumapili ndiyo mbaya. Jumapili wote wanatoka kanisani na watu wao, wanasimama njiani wanapangusana mabega, na wewe unapita katikati unasalimia. Halafu unafungua mlango, na ndani kila kitu kiko pale ulipokiacha. Kijiko pale pale. Hilo ndilo silipendi mpaka leo, kukuta kijiko pale pale.

Kwa hiyo nikawa namsemea. Naingia, natua ndoo, nasema kwa sauti yangu, "Hodi." Halafu kwa sauti yake, ile ya puani, "Karibu mke wangu, umechelewa." Naongea kama mimi, naongea kama yeye. "Togwa imekwisha?" "Imekwisha." "Nani amemaliza?" "Mpishi." "Yule mwenye kidole?" Tunacheka wote wawili, na aliyecheka ni mmoja. Jirani yangu siku moja akasikia ukutani, akatangaza kwa wapangaji kwamba baba amerudi, wakaja kusalimia. Nikasema nilikuwa nasali. Mwenye nyumba alifurahi sana.

Barua zilikuja mbili, zote mwaka wa kwanza. Mimi sikusoma hata darasa moja, msomaji alikuwa mwenye nyumba huyo huyo. Anazisoma amesimama, kama neno la ibada. Ya pili ilisema yuko salama, kazi ni nzito, huko chini ya ardhi ni joto kama Idodi. Na mwisho: mti vipi?

Nikamwambia mwenye nyumba, mwandikie. Mwambie una majani kumi na tano, umenifika kiunoni, umeegemea kidogo kushoto, lakini nitaunyoosha.

Akaandika muda mrefu, ulimi nje. Nikasema nisomee. "Mume wangu mpendwa. Mimi ni mzima. Nasali kila Jumapili. Wako katika Bwana."

"Na mti, baba?"

"Mama. Mimi. Miti. Siandiki."

Ikaenda hivyo hivyo. Sijui alivyoisoma huko aliwaza nini. Ameulizia mti, amejibiwa habari za Bwana. Baada ya hapo kimya. Mwaka na nusu ukafika, ukapita. Wenzake wengine wakaanza kurudi, viatu vinalia barabarani, mimi natoka kila viatu vikilia. Mmoja nilimkamata pale sokoni. Akaangalia togwa yake, akasema walitenganishwa, mwenzake alihamishiwa mgodi mwingine, hakuonana naye tena. Aliyasema upesi. Nikamwongezea togwa.

Lakini mti ulikuwa mzima. Hilo ndilo lililonishika. Watu sokoni wananiambia rudi kwenu Kalenga, utazeeka hapa na debe. Mama yangu mwenyewe akatuma ujumbe, rudi. Mimi narudi chumbani, napima majani na kiganja, nakuta yameongezeka. Ningeondokaje na mtu mzima ndani ya nyumba?

*

Mwaka wa tatu baridi ilikuja na hasira. Ile miezi ya sita na saba, asubuhi nyasi nyeupe, maji ya ndoo yana ngozi juu. Dirisha langu lilikuwa la mbao, na ili mti uone mwanga lazima libaki wazi. Nikasema huyu atakufa na baridi. Nikaliburuta debe mpaka kona ya jiko langu, karibu na mafiga, pale penye joto, pale penye giza. Nikamfunika na koti lake kuukuu la kazi ya barabara. Nikajiona mke mwema kweli.

Siku ya tano jani la kwanza likageuka njano. Siku ya sita matatu. Nikaongeza maji. Nikaongeza moto. Yakazidi kuanguka. Mnajua jani la mkuyu likianguka kwenye sakafu ya udongo linalia? Linasema *tap*. Niko napepeta unga, *tap*. Nafunga kitenge, *tap*. Nikaacha kwenda sokoni, nikakaa mbele yake, nahesabu. Nikamwuliza unaumwa wapi, nikaigiza sauti yake anijibu, na ile sauti haikutoka. Ikatoka ya mpishi. Nikajaribu tena, ya mpishi. Nikasema, kwa hiyo na sauti wameichukua.

Jani la mwisho lilianguka asubuhi, na mimi nikatoka nje nikapiga ukunga.

Jirani wa Kinyakyusa alifika wa kwanza, unga mpaka viwiko. "Balua imekuja?"

"Hapana."

"Mtu amekuja?"

"Hapana."

"Umejuaje?"

Nikamwonyesha. Akauangalia ule mti uchi, limebaki shina na vidole. Hakuuliza tena. Akajitupa chini, akalia, na akilia yule mama Mbeya yote inafiwa. Wakaja wa chumba cha pili, wakaja wa ng'ambo ya mfereji, wakaja wauza viazi wa sokoni. Wakaninyoa nywele. Wakanifunga kitambaa kiunoni. Nikakalishwa kwenye mkeka na watu wakakaa na mimi, siku nane, wanaleta unga, wanaleta kuni, wananisukumia tonge mdomoni. Na niwaambie ukweli wa Mungu: katikati ya kilio kile kuna saa nilikuwa nimeshiba, nina joto, nimezungukwa na mabega ya watu kulia na kushoto, na moyo ukasema, ahsante. Ndiyo aibu yangu hiyo.

Mwenye nyumba aliongoza sala. Hakumjua sana marehemu, ilibidi ajitahidi. "Marehemu. Alikuwa. Mpangaji. Mkimya." Akatafuta lingine. "Hakufuga. Mbuzi."

Siku ya tisa watu wakaanza kutawanyika. Jirani yangu alibaki anisaidie kufagia, akasema na hili debe tukalimwage, mama, usiendelee kulitazama. Akalikumbatia, akalitoa nje uani kwenye jua. Nikasikia amenyamaza. Yule mama kunyamaza ni habari. Halafu:

"Mama! Njoo! Huyu malehemu wako anachipua!"

Nikatoka na kichwa changu kinang'aa. Kwenye kila kidole cha ule mti kuna kinundu cha kijani. Kimoja kimeshapasuka.

Nikakaa chini. Jirani akakaa chini. Akanitazama mimi, akatazama mti, akatazama kile kichwa. Bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka, ana aibu, anajiziba na kanga, machozi yanamtoka. Na mimi nikaanza. Tulicheka pale uani mpaka mbuzi wakaondoka. Mwenye nyumba akatoka kuona, mikono nyuma. Tukamwonyesha.

"Sasa," akasema, "zile sala. Zimekwenda. Wapi?"

Mpishi alivyosikia alikuja mwenyewe mpaka chumbani, kidole kimesimama. Akaangalia kona, akaangalia dirisha. "Ulikuwa hapa dirishani, ukaupeleka kule gizani?"

"Baridi, kaka."

"Dada, mti wa ndani ukiuhamisha unanuna. Unamwaga majani yote. Memsahibu aliusogeza wa kwetu siku ya sikukuu, ukakaa uchi wiki tatu, na hakuna aliyenyolewa." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hukufiwa na mume wewe. Umefiwa na dirisha."

Ikawa habari ya soko. "Mjane, nipe togwa. Ah, samahani, mke wa mtu, nipe togwa." "Mama, nina mchicha wangu umenyauka, tuletee mkeka?" Waliodai unga wao warudishiwe walikuwa wanatania, nafikiri. Mimi nikawajibu kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe, nikauza togwa kuliko siku zote. Sikuumia. Nimwambie nani kwamba nilikuwa na furaha? Mume wangu alikuwa amefufuka. Nilirudisha debe dirishani pale pale, nikachora alama sakafuni kwa mkaa lisisogee hata unyayo. Mti ukatoa majani kuliko ya kwanza, mapana kama sahani. Nywele zangu zinaota, majani yanaota, nikawa nasema tukutane tutakapofika mabegani. Sauti yake ikarudi kidogo. Siyo yote.

*

Lakini barabara ya Iringa ina malori, na malori yana mautingo, na utingo hakai na neno. Miezi mitatu haikupita, habari ikafika Idodi: mkwe wenu wa Mbeya ameweka matanga ya mwanenu.

Alikuja mwenyewe. Saa nne asubuhi, natoka kisimani, namkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, miguu imejaa vumbi, kikapu magotini. Begani ana blanketi. Jipya, zito, lenye mistari, lile wanalorudi nalo wanaume wa migodini. Huku dukani halipo. Nyie, moyo wangu uliruka! Nikasema, ametuma mzigo. Amemtumia mama kwanza, kama inavyotakiwa, na langu limo kwenye kikapu.

Nikatua ndoo, nikapiga magoti. "Kamwene, mama."

Hakuitikia. Nikarudia, hakuitikia. Nikamkaribisha ndani. Akaingia, akasimama. Nikaleta maji ya kunawa, akayaacha. Nikaleta togwa, akaiacha. Jirani wa Kinyakyusa akachungulia kutoa salamu yake ya kuamsha mtaa, akaona hali, akarudisha kichwa.

"Umemlilia mwanangu," mama mkwe akasema.

"Nilikosea, mama. Majani yalianguka yote."

"Umenyoa."

"Nimenyoa, mama. Nisamehe. Nilihamisha debe, sikujua kama unanuna. Ni baridi, mama, huku kwetu baridi."

"Mtu mzima anatembea, wewe umemwekea matanga. Unajua unachomwitia?"

"Najua, mama. Lakini tazama." Nikainuka, sijui nilipata wapi ujasiri wa kuinuka mbele yake. Nikauzungushia ule mti mikono kama mfanyabiashara anaonyesha kitambaa. "Tazama, mama. Umenifika kifuani. Hakuna hata jani moja bovu. Nauogesha, nausugua, nauamkia. Miaka mitatu sijalala nje ya chumba hiki hata siku moja. Ni mzima, mama. Niamini, mwanao ni mzima huko aliko."

Akausogelea. Nilifikiri ataukagua, nikashika pumzi kama mtoto wa shule, mimi nisiyejua shule. Akalishika jani moja kwa vidole viwili, akaligeuza, akaona nilivyolifuta mpaka chini. Uso wake ukalegea kidogo. Nikasema moyoni, amenisamehe, sasa atafungua kikapu.

Akaliachia jani, akalivuta blanketi vizuri begani.

"Mzima najua," akasema. "Ameoa huko tangu mwaka juzi, mtoto wa pili anatambaa. Wewe si mke wetu tena. Tulisahau kukuambia."